Somo: Kupima dawa ya presha kwa panya wa SHR

Panya wa SHR (Spontaneously Hypertensive Rat, yaani panya wanaopanda presha wenyewe kwa kurithi) walipatikana Kyoto, Japani, mwaka 1963, baada ya watafiti Okamoto na Aoki kuchagua panya wa Wistar wenye presha ya juu na kuwazalisha wao kwa wao. Nasaba huitwa safi ikishapita angalau vizazi 20 mfululizo vya kaka kupandishwa na dada, maana hapo urithi wa panya wake huwa karibu sawa. Kwa hiyo tofauti ukiiona kati ya makundi, urithi hauna nafasi kubwa ya kuingilia. Lakini kumbuka pia kwamba panya 40 wa SHR ni sawa na mgonjwa mmoja aliyenakiliwa mara 40.

1. Andika jina zima. "SHR" tupu haitoshi, maana herufi zinazofuata mkwaju (/) ndizo zinazotaja koloni, yaani kundi la ufugaji wanakotoka. SHR/NCrl wana kasoro kwenye jeni ya Cd36, inayohusika na kuingiza mafuta ndani ya seli. SHR wa asili waliobaki Japani hawana. Ukipima presha tu unaweza kuponea, ila ukichanganya na sukari au mafuta ya damu, majibu ya koloni hizo mbili hayalinganishiki.

2. Kundi linganishi. Wengi huchukua WKY (Wistar-Kyoto, panya wa presha ya kawaida) na kuridhika. WKY walisambazwa kwenye maabara mbalimbali kabla vizazi 20 havijatimia, ndiyo maana WKY wa mfugaji mmoja si wa mwingine. Ulinganisho wako mkuu uwe SHR wanaopata dawa dhidi ya SHR wasiopata. WKY wakuonyeshe tu presha ya kawaida ikoje.

3. Umri. Presha ya SHR huanza kupanda wakiwa na wiki 5 hadi 6, na wakikomaa namba ya juu ya presha (systolic) hufika milimita 180 hadi 200 za zebaki. Ukitaka kujua kama dawa inazuia, anza wiki ya 4 au 5. Ukitaka kujua kama inatibu, subiri wiki ya 12 au zaidi. Madume presha yao huwa juu kuliko majike, kwa hiyo usiwachanganye bila mpango.

4. Idadi. Gawa mtawanyiko wa kawaida (standard deviation) kwa tofauti unayotaka kuiona, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha mara 16. Mtawanyiko ukiwa 15 na tofauti 20, unapata 9 kwa kila kundi. Ongeza mmoja wa akiba. Wagawe kwa kura, na ndugu wa uzao mmoja wasirundikane kundi moja.

5. Kuzoea. Wape angalau wiki moja bila kuwagusa kwa jaribio: saa 12 za mwanga, 12 za giza, nyuzi 20 hadi 24, chakula cha aina moja chenye kiwango cha chumvi unachokijua. Maranda ya vizimba nayo yasibadilishwe katikati ya jaribio.

6. Kupima mkiani. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mzoeshe panya kukaa kwenye bomba siku 5 hadi 7, dakika 10 mwanzoni, ukiongeza taratibu. Siku ya kupima, pasha mkia hadi nyuzi 32 hivi. Mkia wa baridi mishipa yake imebana na kifaa hakishiki mapigo. Mkanda wa kubana mkia ukiwa mwembamba kuliko mkia unavyotaka hutoa namba kubwa za uongo, mpana hutoa ndogo. Chukua vipimo 10, tupa vya mwanzo, tafuta wastani wa vinavyobaki. Saa ileile, mtu yuleyule, na asijue nani kapata dawa.

7. Dawa. Kaptopril hutumika sana kama dawa ya kulinganishia, miligramu 100 kwa kilo kwa siku. Panya wa gramu 300 hunywa maji kama mililita 30, hivyo weka miligramu 1 kwa kila mililita. Pima maji yanayobaki, maana anayekunywa nusu kapata nusu ya dozi. Tumia maji yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa yakawa maji tena (distilled), kisha badilisha kila siku. Kaptopril huharibika ikikaa kwenye maji.

MASWALI

Swali: Mwalimu, chuoni kwetu tuna Wistar tu. Tukiwaita nasaba safi kuna ubaya?

Jibu: Upo. Wistar wa kawaida hawajazalishwa ndugu kwa ndugu, kila mmoja ana urithi wake. Unaweza kuwapandisha presha kwa kemikali ya L-NAME, miligramu 40 kwa kilo kwa siku kwa wiki 4, lakini hapo unachunguza presha inayotokana na kuzuia nitriki oksaidi, gesi ya mwilini inayolegeza mishipa, si ya kurithi. Liseme hivyo kwenye ripoti.

Swali: Panya yuleyule ananipa 140, dakika mbili baadaye 210. Kifaa kibovu?

Jibu: Kwanza mtazame panya. Akijinyonganyonga kwenye bomba, akijikojolea au akilia, namba hiyo ni ya hofu. Mrudishe kizimbani, umzoeshe tena. Mitikisiko ya feni au friji kwenye meza ileile nayo huingia kwenye kipimo.

Swali: Tunaweza kuzalisha wenyewe SHR na WKY?

Jibu: Mnaweza, kwa daftari la ukoo la kila jozi. Mimba ni siku 21 hadi 23, kuachisha kunyonya siku ya 21. Msiendeshe matawi mawili ya nasaba moja sambamba kwa muda mrefu, yatatengana kiurithi. Na leteni jozi mpya kutoka koloni mama kabla ya kizazi cha 10. Hatari kubwa ni kwamba SHR na WKY wote ni weupe wenye macho mekundu. Wawekeni vyumba tofauti na muwatoboe masikio. Panya aliyekutwa sakafuni bila alama harudishwi kizimba chochote kwa kukisia, na hata mkimhisi ni wa nani, hazalishi tena.

Swali: Na panya wa Dahl?

Jibu: Dahl SS, nasaba inayoathiriwa na chumvi, hupanda presha sana kwa chakula chenye chumvi asilimia 8. SHR hupanda hata bila kuongezewa chumvi. Kama swali lako ni la chumvi na figo, chukua Dahl.