Maji ya swimingi yamegeuka rangi baada ya kutia klorini? Usiongeze dawa, soma hapa kwanza

Hii inawapata sana wanaojaza bwawa kwa maji ya kisima. Maji yanaingia meupe, unaona mpaka vigae vya chini, jioni unatia klorini ukijua kesho watoto wanaogelea, asubuhi unakuta rangi ya chai au kijani. Anayehudumia bwawa anakwambia ni mwani huo, ongeza dawa, unaongeza na rangi ndo inazidi kukolea. Simama hapo hapo, kila kopo unalomwaga linaharibu zaidi na pesa inaenda bure.

Kinachotokea ni kwamba maji yana madini yaliyoyeyuka, hayaonekani mpaka yakutane na klorini. Chuma kinashika kutu humo humo majini, yanakuwa ya kahawia au kijani cha njano. Shaba inaleta kijani cha kuelekea bluu, na manganizi inaleta weusi au zambarau. Chuma kinatoka ardhini au kwenye mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu kule kisimani. Shaba mara nyingi tunaiingiza wenyewe, kwa mrututu unaowekwa kuua mwani, au pH (kipimo cha uasidi wa maji, ikishuka maji yanazidi kuwa asidi) ikishuka sana maji yakaanza kula hita yenye mabomba ya shaba. Na zile nywele nyeupe za wageni zinazogeuka kijani ni shaba hiyo, klorini inasingiziwa tu.

Kutofautisha na mwani ni rahisi. Mwani unafanya maji yawe mazito na kuta ziteleze ukipitisha mkono. Maji ya madini yanaweza kuwa ya kijani kabisa na bado unaona chini vizuri, kuta hazitelezi, na rangi imekuja ghafla ndani ya masaa baada ya klorini. Kama bado una wasiwasi chukua ndoo nyeupe ya lita 20, jaza maji ya kisima chako, tia nusu kijiko cha chai cha klorini ya unga, koroga uache. Yakianza kugeuka rangi ya chai mbele ya macho yako umeshapata jibu. Kama kuna madoa ukutani, bonyeza kidonge cheupe cha vitamini C juu ya doa kwa dakika moja hivi, likififia ni chuma. Lisipofifia jaribu ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, ikilitoa kuna uwezekano mkubwa ni shaba.

Sasa matibabu, na hapa watu wanachanganya sana kwa sababu njia ni mbili na zinapingana.

Kama shida ni maji yenyewe, kuta ziko safi, mimi nasema toa madini nje kabisa. Pandisha pH ifike 7.8 hivi kwa soda ashi, jioni tia klorini ya kutosha ili chuma chote kigande, alafu weka shabu, kama gramu 50 kwa kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo bwawa la lita 50,000 ni kilo mbili na nusu. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo, isambaze, acha pampu izungushe maji saa moja au mbili kisha zima usiku kucha. Asubuhi utakuta tope la kahawia limelala chini, na usikanyage wala kuchota maji kwa vurugu maana likitibuka unaanza upya. Livute taratibu na vakyumu ukiyatoa maji moja kwa moja nje, yasipite kwenye filta, shabu inaziba mchanga wa humo. Ndio, unapoteza maji kiasi, lakini madini yameondoka kweli. Malizia kwa kupima pH tena maana shabu inaishusha.

Kama ni madoa kwenye kuta, unaenda kinyume. Acha klorini ishuke chini ya ppm 1 (miligramu 1 kwa lita) na pH iwe 7.2 hivi, zungusha maji, tia asidi ya askobiki, ambayo ndo vitamini C ya unga, anza na gramu 300 kwa lita 50,000 ukiimwagia pembeni karibu na madoa. Madoa ya chuma yanaweza kupotea ndani ya saa moja. Ila chuma hakijaondoka, kimerudi majini, kwa hiyo siku hiyo hiyo weka dawa ya kushika madini kwa kipimo cha kwenye chupa, pampu ifanye kazi mfululizo siku moja au mbili, na klorini uirudishe kidogo kidogo, ukiitia kwa pupa madoa yanarudi vile vile. Dawa hiyo inachakaa, lazima uongeze kila baada ya wiki kadhaa. Na usiiweke kabla ya ile njia ya shabu, itashikilia madini yasigande.

Ukishusha pH kwa asidi, mimina asidi kwenye maji na sio maji kwenye asidi, vaa glovu na miwani, na isikutane kabisa na klorini, hata kwa kopo moja la kupimia, inatoa gesi inayoua.

Kumbuka pia jua linapunguza maji ila madini yanabaki, kila ukiongezea ya kisima unazidisha. Bora uongezee ya mvua au ya boza ambayo umeshayapima kwa ndoo. Kama ni kisima tu, yapitishe kwanza kwenye tanki, yaingie kwa kudondoka kutoka juu yapate hewa, tia klorini humo, yatulie siku mbili, alafu toa kupitia koki iliyo juu kidogo ya kitako ili kutu ibaki tankini.