Kufuma, kupika na kutayarisha safari ya masomo: namna ya kuvipanga vitatu katika nyumba moja ya Lubumbashi

Anayejiandaa kwenda kusoma Ubelgiji huku akipikia nyumba ya watu wanane mjini Lubumbashi, na juu ya hayo akitaka kusafiri na soksi na kofia alizozifuma mwenyewe, mara nyingi hukosea mahali pamoja: huigawa siku kwa saa. Saa mbili za hati, saa tatu za jiko, saa moja ya sindano. Ratiba ya namna hiyo haimalizi wiki, kwa sababu ofisi ya komine, yaani ya utawala wa mtaa, haiifuati, umeme hauifuati, na maharagi hayaifuati. Mwaka nilipokuwa najiandaa mimi mwenyewe niliiandika ratiba kama hiyo, nikaibandika ukutani, na kufikia siku ya nne ilikuwa inanisuta tu. Sasa ninapomsaidia mdogo wangu tumepanga kwa njia nyingine, nayo ni kuuliza kila kazi inamsubiri nani. Hati zinasubiri watu wengine, chungu kinasubiri moto, na kufuma hakumsubiri yeyote. Kwa hiyo hati hutangulia, jiko hufuata, na kufuma hakupewi saa yake kabisa, bali huingizwa ndani ya muda ambao kazi zile mbili zinakuacha umekaa.

Hati kwanza, tena kwa kuhesabu kinyume

Katika vyuo vikuu vya Ubelgiji vinavyofundisha kwa Kifaransa, mwaka wa masomo huanza tarehe 14 Septemba. Chukua kalenda, weka alama kwenye tarehe hiyo, kisha rudi nyuma: tiketi, viza, uthibitisho wa anayekugharimia, kibali cha chuo, ulinganisho wa diploma, pasipoti, na mwanzoni kabisa zile karatasi za shule ambazo kila mtu hudhani anazo mpaka siku anapozitafuta. Diploma ya Serikali yenyewe, ile ya kumaliza sekondari, inaweza kukawia kutoka, na wengi huanza na cheti cha muda cha kufaulu. Basi usingoje mpaka uombwe ndipo uulize shuleni kwako kama diploma imefika.

Hati zote hazina umri mmoja. Cheti cha kuzaliwa na ripoti za darasa la tano na la sita la sekondari havichachi, kwa hiyo vitafute hata mwaka mzima kabla ya safari. Cheti cha daktari na hati ya kutokuwa na makosa ya jinai huhesabiwa kwa miezi, na ukiviwahi mno utavilipia mara mbili. Cheti cha mtihani wa Kiingereza, yaani IELTS au TOEFL, kwa wale wanaoomba masomo ya Kiingereza, hudumu miaka 2. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa hapa Katanga na anaelekea chuo cha Kifaransa hana mzigo huo, na ni vyema aitumie nafuu hiyo kusoma kwa makini barua ya motisha yake, ambayo kwa kawaida huandikwa usiku mmoja na husomeka hivyo.

Kinachowasumbua zaidi watu wa Lubumbashi ni kwamba muhuri wa kuhalalisha diploma, na mara nyingi faili zima la viza, hupitia Kinshasa, mji ulio mbali nasi kwa zaidi ya kilomita 1,500. Anayemtuma ndugu wa huko amtumie orodha iliyoandikwa, kwani maneno ya simu husahaulika, na ayatume makaratasi yote kwa mkupuo mmoja. Akumbuke pia kwamba saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja: ofisi inayofunguliwa huko saa tatu asubuhi, hapa kwetu tayari ni saa nne. Brussels nayo wakati wa kiangazi chao ina saa ile ile kama yetu, lakini tangu mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi hurudi nyuma kwa saa moja. Jambo hili dogo limewahi kuwaacha watu wakiitazama simu kimya huku mahojiano yao ya intaneti yakiwa bado hayajafika wakati, na la kinyume chake ni baya zaidi.

Siku za delestaji, yaani za umeme kukatwa kwa zamu, kanuni yetu ni moja: umeme ukirudi, jambo la kwanza si jiko wala pasi, ni hati. Piga picha karatasi zilizobaki, zipeleke kwenye barua pepe yako, chaji simu, kisha ndipo uangalie kingine. Jiko lina makala, yaani makaa. Faili la chuo halina.

Hati zisikae jikoni hata kwa dakika moja. Niliwahi kuiweka ripoti yangu ya darasa la sita juu ya kabati la vyombo wakati naonja sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, nikaishika tena na kidole chenye mawese, na doa lile jekundu lilikaa pembeni ya jina langu mpaka leo. Nililazimika kurudi shuleni kuomba nakala nyingine, na nikapoteza siku 12. Tangu hapo hati zina mfuko wao wa plastiki, na mfuko una msumari wake katika chumba cha kulala.

Jiko linalokuachia mikono

Vyakula vyetu havifanani kwa namna vinavyoishika mikono ya mpishi. Bukari, yaani ugali, huidai yote miwili, kwa sababu sufuria hushikwa na mwiko husukumwa, na anayejaribu kuunga mistari miwili ya kofia kati ya kumwaga unga na kuusonga atawalisha watu madonge. Matembele na lengalenga ni vya haraka, navyo haviachi nafasi. Maharagi na sombe ndiyo marafiki wa mfumaji.

Maharagi yaloweke tangu usiku, maji yale yamwagwe asubuhi, kisha yachemke kwa nguvu kabla ya kupunguza makala. Kuyaloweka kunapunguza muda wa moto, na kwa bei ya gunia la makala hilo si jambo la kupuuza. Sombe haiharakishwi kwa njia yoyote. Majani ya mihogo yana sumu ya asili, na kinachoitoa ni kutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba nusu saa inatosha. Sombe inakupa saa nzima na zaidi ya kukaa karibu na mbabula, jiko letu la makala, ukinyanyuka tu kuongeza maji. Hiyo ndiyo saa ya sindano.

Mimi huipanga wiki hivi: siku ya kwenda komine au benki napika chakula cha haraka, au nakula kilichobaki, siku ambayo hakuna ofisi, au ambayo nasubiri jibu la mtu, napika sombe au maharagi mengi ya siku mbili. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi inapofika usiku chini ya nyuzi 10, chakula cha jana hudumu bila friji kwa urahisi zaidi kuliko Oktoba, mwezi wa joto letu kali, lakini hata hivyo kichemshwe upya mpaka kitokote, si kupashwa moto tu.

Kuna upande mwingine wa jiko ambao wazazi husahau kuufundisha. Kijana anayekwenda Ulaya ameshajua kupika, lakini amejua kupika kwa watu wanane. Akifika kule na chumba kimoja na sufuria moja, atapika kilo nzima ya mchele na kuila kwa siku tano mpaka aichukie. Kwa hiyo, miezi miwili kabla ya safari, mpe jioni moja kwa wiki ajipikie peke yake: bukari ya kikombe kimoja cha unga, maharagi ya mkono mmoja, mchuzi wa nyanya mbili. Apime kwa kikombe na aandike. Vipimo vya mama vya "weka tu, utaona" havisafiri.

Kuhusu kubeba chakula, sheria za Umoja wa Ulaya zinafaa kujulikana kabla ya sanduku kufungwa. Msafiri anayetoka nje ya Umoja huo haruhusiwi kuingia na nyama wala maziwa au vitu vilivyotengenezwa navyo. Samaki kwa matumizi yake mwenyewe anaruhusiwa hadi kilo 20, hivyo ndakala wakavu, wale samaki wadogo, hawana tatizo, ila wafungwe vizuri, maana harufu yao haina adabu. Mimea na majani mabichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda machache kama nanasi na ndizi. Sombe mbichi ibaki nyumbani. Wala si msiba, kwa sababu Brussels ina mtaa wa Matonge katika komine ya Ixelles, uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, na maduka yake huuza majani ya mihogo yaliyogandishwa, mawese, na unga mweupe wa mahindi. Bei itakushtua. Wengi huisonga bukari yao kwa semulina ya ngano, na baada ya mwezi ulimi huzoea.

Kufuma: kidogo, chepesi, cha lazima

Hapa ndipo tamaa huharibu mpango. Mfumaji wa kwetu akisikia neno "baridi" huanza triko, yaani sweta, nene la mikono mirefu. Triko hilo litachukua miezi, litakula karibu gramu 700 za uzi na nafasi kubwa katika sanduku la kilo 23, na kule litamfaa mara chache, kwa sababu vyumba na madarasa ya Ubelgiji hupashwa joto na nje upepo wenye mvua hupenya katikati ya vitanzi kana kwamba hukuvaa kitu. Koti la kuzuia upepo hununuliwa. Kinachofaa kufumwa ni soksi, kofia, mitandio ya shingo na fulana nyembamba isiyo na mikono ya kuvaa ndani. Soksi za mtu mzima kwa uzi mwembamba huhitaji gramu 100 hivi na vitanzi 64 kwa mzunguko, nazo hukaa mfukoni hata ukiwa kwenye foleni ya benki.

Uzi wa sufu halisi ni haba katika masoko yetu, na mengi yanayoitwa sufu ni plastiki. Omba kipande cha uzi ukichome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe na kuacha majivu yanayosagika, akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa sababu hiyo hiyo akriliki haifumwi karibu na mbabula, kwani cheche moja inatosha kuitoboa.

Njia ya bei nafuu ni mitumba. Pale soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, tafuta triko kuukuu la sufu, lipindue, uangalie mshono wa ubavuni. Ikiwa vipande viliungwa kwa uzi na kingo zake ni nzima, unaweza kulifumua na kupata uzi mrefu. Ikiwa kingo zilikatwa na kushonwa kwa mashine ya kuzungushia, liache, maana kila mstari utatoka kama kipande kifupi. Vilevile liache lililosongamana kwa kufuliwa na maji ya moto. Uzi uliofumuliwa huzungushwa katika mgongo wa kiti, hufungwa sehemu nne, hufuliwa, kisha huanikwa ukiwa umening'inizwa chupa ya maji chini yake ili unyooke.

Kisha fuma kipande cha kujaribia, ukifue, ukipime. Wengi hulidharau jambo hili, nao ndio wanaofumua usiku. Ikiwa kielelezo kinasema sentimita 10 zina vitanzi 22, fulana ya kifua cha sentimita 100 itaanza na vitanzi 220. Lakini ikiwa mkono wako ni mlegevu na sentimita 10 zako zina vitanzi 20, vitanzi vile vile 220 vitakupa sentimita 110, na nguo itamfaa mjomba.

Weka kazi mbili kwenye sindano. Ya kwanza iwe nyepesi, ya kuzunguka bila kuhesabu, kwa ajili ya foleni na sombe. Ya pili, kama kisigino cha soksi au shingo ya fulana, iachwe kwa usiku ambao hakuna chungu motoni wala jibu linalongojwa. Ukiifanya ya pili mahali pa ya kwanza, utakosa kusikia jina lako likiitwa dirishani, nalo litaitwa mara moja tu.

Siku barua ya chuo inapofika, au ofisi inapoomba karatasi ambayo hukuitarajia, sindano huwekwa chini hata katikati ya mstari. Mdogo wangu alibisha juu ya hili mpaka alipoipitisha siku nzima ya Ijumaa akimalizia kofia, na ofisi aliyoitaka ikafungwa hadi Jumatatu.

Wiki mbili kabla ya safari acha kuanza kitu kipya. Fua vyote vilivyofumwa jikoni kwa maji baridi na sabuni kidogo, kwa sababu moshi wa makala huingia ndani ya sufu na mwenye nguo ndiye wa mwisho kuusikia. Vikaushe ndani ya nyumba vikiwa vimelazwa juu ya shuka, kwani vumbi jekundu la Septemba litakurudisha mwanzo. Sindano za chuma zisiingie kwenye mfuko wa mkononi, maana mkaguzi wa uwanja wa ndege anaweza kuzikataa. Zifunge katika sanduku kubwa. Na soksi ambayo haijaisha ihamishie vitanzi vyake kwenye uzi wa rangi nyingine, ufunge fundo ncha zote mbili, na uiweke juu ya nguo pamoja na kibonge chake na karatasi yenye hesabu ya mistari.