Vinyoya (badminton) wawili wawili: namna ya kukifikia kinyoya mapema

Mchezaji wa klabu akishindwa, cha kwanza kulaumiwa ni mkono: smashi (pigo kali la kushuka) haina nguvu, raketi ni nyepesi, nyuzi zimelegea. Mtazame kwa dakika kumi na utaona tatizo liko kwingine. Anakikuta kinyoya kimeshashuka hadi kiunoni, na kikiwa hapo hana la kuchagua. Atakinyanyua juu, na mpinzani atakiua kwa pigo la kushuka. Katika mchezo wa wawili wawili anayekigusa kinyoya kikiwa bado juu ya utepe wa wavu ndiye anayeshambulia, na aliyechelewa hata nusu sekunde ndiye anayejilinda. Mshiko, miguu, sevisi (pigo la kuanzisha) na mpangilio wa wawili uwanjani vyote vinatumikia jambo hilo moja.

Maelezo haya ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Kinyoya na viatu kwanza

Kinyoya halisi kina manyoya 16 na uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50. Kwenye mikebe mingi kuna namba ya kasi, kwa mfano 75, 76 au 77. Namba ikipanda, kinyoya kinakwenda mbali zaidi. Mahali pa juu hewa ni nyepesi na haikizuii sana. Kwa hiyo kinyoya kinachotulia vizuri Dar es Salaam au Mombasa kitatoka nje Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Pwani anzia 76, Nairobi anzia 75 au chini yake, kisha upime kama sheria inavyoelekeza. Simama kwenye mstari wa nyuma, piga kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu, sambamba na mstari wa pembeni. Kinatakiwa kudondoka sentimita 53 hadi 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Huhitaji futi ya kupimia: mstari wa nyuma wa sevisi ya wawili uko sentimita 76 kutoka mwisho wa uwanja, yaani katikati kabisa ya eneo hilo.

Kinyoya chenye kasi isiyofaa kinafundisha makosa. Kikiwa cha haraka mno utazoea kupunguza nguvu ili kisitoke, na siku ukipata kinachofaa, mapigo yako yote ya nyuma yatakuwa mafupi. Vya plastiki vinadumu na vinafaa kuanzia. Kwa kawaida utepe wa kijani unaozunguka kichwa cha kinyoya ni polepole, wa bluu ni wastani na wa nyekundu ni haraka.

Viatu viwe vya soli nyembamba ya mpira inayoshika sakafu. Viatu vya kukimbia vina kisigino kinene, na mguu unapokwenda kando kifundo hupinduka. Kuhusu nyuzi, mkazo wa pauni 20 hadi 24 zinamtosha mchezaji wa klabu. Ukikaza zaidi, sehemu ya nyuzi inayorusha vizuri inapungua, na anayegusa pembeni mwa raketi anapoteza nguvu badala ya kuiongeza.

Mshiko

Shika shingo ya raketi kwa mkono wa kushoto, nyuzi zikitazama kulia na kushoto, ukingo mmoja wa fremu ukielekea sakafuni. Teremsha kiganja cha kulia juu ya mpini hadi kidole gumba na cha shahada vitengeneze V juu yake. Acha nafasi ndogo kati ya cha shahada na cha kati. Huo ndio mshiko wa upande wa kiganja. Kwa bekihendi (pigo la upande wa nyuma ya kiganja), zungusha mpini kidogo kwa vidole hadi gumba likae bapa kwenye upande mpana wa mpini.

Kosa linaloonekana kila uwanja ni kushika raketi kama kikaango, nyuzi zikitazama wavu. Linavutia kwa sababu kwenye wavu linafanya kazi, na vinyoya vya mbele vinauawa vizuri. Ila nyuma ya uwanja linauzuia mkono wa chini (kati ya kiwiko na kifundo) usizunguke, na mzunguko huo ndio chanzo kikuu cha kasi. Mwenye mshiko huo hupiga kwa bega tupu, na hapo ndipo maumivu ya bega yanapoanzia.

Kosa la pili ni kukaza. Vidole vilegee muda wote na vikaze papo hapo kinyoya kinapogusa nyuzi. Kujipima, mwombe mwenzako avute raketi kutoka mkononi mwako ukiwa umesimama tayari. Isipotoka kwa urahisi, umekaza mno. Kila siku, hata nyumbani, badilisha mshiko kutoka upande wa kiganja hadi bekihendi na kurudi mara 50 bila kutazama mpini.

Miguu: mruko mdogo kabla ya hatua

Kabla ya kujifunza kukimbia, jifunze kuanza. Mpinzani anapopiga, ruka kidogo, sentimita chache tu, na utue kwa vidole vya miguu, miguu ikiwa mipana kidogo kuliko mabega na magoti yamekunjwa. Utue mara tu baada ya kinyoya kuondoka kwenye raketi yake. Ukitua kabla, umesimama tena. Ukitua baadaye sana, umechelewa. Kosa la kawaida ni kutousikiliza wakati huo: mtu anarukaruka mfululizo bila kujali mpinzani anapiga saa ngapi, anachoka, na hapati faida yoyote.

Kwenda mbele, hatua ya mwisho ni ndefu na ni ya mguu wa kulia, yaani wa upande wa raketi. Kisigino kitangulie, kidole gumba cha mguu na goti vielekee upande mmoja, na goti lisipite ncha ya kiatu. Mkono wa kushoto unyooke nyuma kulinda mizani. Goti likiingia ndani huku mguu ukitazama nje, umeanza safari ya kuumia. Kwenda nyuma, geuka ubavu kwanza, mguu wa kulia nyuma, kisha teleza kwa hatua za kufuatana. Anayekimbia kinyumenyume akitazama wavu hukikuta kinyoya kiko nyuma ya kichwa.

Fanya zoezi la kivuli bila kinyoya: kutoka katikati kwenda pembe sita za uwanja (mbili mbele, mbili pembeni, mbili nyuma), sekunde 30 kazi na sekunde 30 pumziko, seti sita. Kila pembe ipigwe pigo kamili, na kila safari ianze kwa ule mruko.

Mapigo ya juu

Smashi, pigo refu la nyuma na dropu (pigo laini linaloanguka karibu na wavu) vyote vianze na umbo lile lile, mpinzani asijue kinachokuja. Ubavu utazame wavu, kiwiko cha kulia kiwe nyuma kwa usawa wa bega, mkono wa kushoto unyooke juu ukikifuata kinyoya. Zungusha kiuno, kiwiko kipande, mkono wa chini uzunguke hadi kiganja kitazame nje. Kinyoya kiguswe juu kadiri unavyofika, mbele kidogo ya bega la kulia. Kwa smashi kiwe mbele zaidi, kwa pigo refu kiwe karibu juu ya kichwa.

Pigo litakwambia lenyewe kosa liko wapi. Smashi ikienda bapa au kutoka nje, umegusa kinyoya kikiwa nyuma mno. Ikiingia wavuni, mara nyingi kiwiko kimeshuka na umegusa chini, au kinyoya kiko mbele mno. Pigo refu likiishia katikati ya uwanja, usiongeze nguvu. Tazama kama uligeuka ubavu.

Tumia ukanda ule wa sentimita 76 wa nyuma kama shabaha. Mwenzako akunyanyulie vinyoya 20, wewe upige pigo refu na kuhesabu vinavyoangukia ndani yake. Mpaka 12 kati ya 20 viangukie humo, hakuna haja ya kuhangaikia smashi ya kuruka. Watu wengi hawasubiri kufika hapo, na ndiyo maana smashi zao za kuruka hazidhuru mtu.

Sevisi

Sheria inataka kinyoya chote kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni wakati wa kukigonga. Vilabu vingi visivyo na kipimo bado hutumia kanuni ya zamani ya chini ya kiuno. Sevisi fupi ya bekihendi ndiyo ya kujifunza kwanza:

1. Simama karibu na mstari mfupi wa sevisi, ulio mita 1.98 kutoka kwenye wavu, mguu wa kulia mbele, uzito juu yake.
2. Shika unyoya mmoja au miwili kwa gumba na kidole cha shahada, kichwa cha kinyoya kikielekea nyuzi.
3. Rudisha raketi kidogo tu, kisha sukuma kwa gumba. Kifundo cha mkono kitulie.
4. Kinyoya kifike kilele chake kabla ya wavu, kikivuka tayari kinashuka.

Hatua ya nne ndiyo inayotenganisha sevisi nzuri na mbaya. Kinyoya kinachoendelea kupanda kikiwa juu ya wavu kitauawa hata kikipita sentimita tano tu juu ya utepe. Funga uzi sentimita 20 juu ya wavu na upitishe sevisi kati ya uzi na utepe. Sevisi 50 kila mazoezi si nyingi.

Sevisi ndefu ya ghafla itumie kwa nadra, mpokeaji anapoegemea mbele mno. Ukiipiga mara kwa mara, atakusubiri.

Kupokea, simama nusu mita nyuma ya mstari mfupi, mguu wa kushoto mbele, raketi juu ya usawa wa utepe. Jibu bora mara nyingi ni kusukuma kinyoya kwa mwendo wa wastani hadi karibu na mstari wa pembeni, katikati ya aliyeanzisha na mwenzake aliye nyuma. Wa mbele hakifikii, wa nyuma anakikuta kimeshuka.

Mpangilio wa wawili

Mkishambulia, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mkijilinda, kushoto na kulia. Kila mtu anaijua sentensi hiyo. Kinachoshinda ni kujua wakati wa kubadilika. Aliyepiga kinyoya kwenda chini, mwenzake aende mbele papo hapo. Aliyenyanyua, wote wawili wagawane pande kabla mpinzani hajapiga. Mkikutwa katikati ya kuhama, simameni mlipo na mcheze.

Anayepiga smashi kutoka pembe apige moja kwa moja au katikati. Smashi ya kukata uwanja inasafiri zaidi na kupoteza kasi, na mpinzani akiizuia moja kwa moja, kinyoya kinaangukia upande ambao wenu wa mbele hayupo. Shabaha nzuri ni nyonga na bega la kulia la mlinzi anayetumia kulia, kwa sababu hapo hajui atumie upande upi wa raketi. Smashi ya katikati huleta swali jingine: nani apige? Jibu la kukubaliana kabla ya mchezo ni kwamba kinyoya cha katikati ni cha mlinzi aliye mshazari na mpigaji, si yule aliye mbele yake moja kwa moja. Yeye ana muda zaidi, na anaweza kusimama mbele kidogo kuliko mwenzake anayekabiliwa moja kwa moja.

Wa mbele asikae kwenye wavu kabisa. Akisimama hatua moja nyuma ya mstari mfupi, raketi juu, anafika kwenye vinyoya vya wavuni na pia anakatiza draivu (mapigo bapa ya kasi). Hendra Setiawan wa Indonesia, akiwa na miaka 35, alitwaa ubingwa wa dunia wa 2019 mjini Basel na mwenzake Mohammad Ahsan, mbele ya vijana waliokuwa na smashi kali kuliko yake. Tafuta video zake na umtazame kabla ya kinyoya kumfikia: raketi iko juu tayari, mwendo wa mkono ni mfupi, na mara nyingi anakiweka tu pasipo na mtu.

Mkilazimika kunyanyua, nyanyueni juu na hadi pembe za nyuma. Kunyanyua kufupi ni zawadi. Na mlinzi asiridhike kunyanyua tena na tena: smashi ya tatu au ya nne huwa imechoka, na hapo izuie laini, karibu na wavu, ili washambulizi ndio wanyanyue.

Mazoezi ya dakika 90

Dakika 10 za kupasha mwili na mshiko, 10 za kivuli, 15 za sevisi na kupokea, 20 za mapigo ya juu kwa shabaha. Dakika 35 zilizobaki chezeni michezo hadi 11 kwa kanuni moja ya ziada: anayenyanyua wakati kinyoya alikigusa juu ya utepe wa wavu anapoteza pointi. Aliye nje akisubiri zamu asimame kwenye nguzo ya wavu, ndipo anapoona wazi kinyoya kiliguswa juu au chini ya utepe, na neno lake liwe la mwisho.