Namna ninavyomsaidia mteja kukijua kinachomshtua, na kukizoea

Mvuvi huyu alikuja kwangu kwa sababu ya hasira, na aliyemsukuma ni mkewe. Kila jioni akirudi nyumbani kwake mtaa wa Langoni, alikuwa akimfokea mwanawe wa miaka sita kwa jambo dogo, kisha anatoka kwenda kukaa peke yake hadi isha. "Bi, mimi sina ugonjwa," aliniambia. "Mtoto ana kelele tu." Nimemwomba ruhusa kuyaandika haya, na nimegeuza mambo kadhaa asije akatambulika, maana mji wa Lamu ni mdogo. Nawaandikia washauri nasaha wenzangu, hasa wanaoanza. Kwake yeye ndiko nilikojifunza kwamba mbinu za kutuliza moyo hazifai kitu mpaka mkijue barabara kile kinachouwasha.

Anza kwa kurudi nyuma dakika kwa dakika. Usimuulize mteja kwa nini alikasirika. Atakupa sababu, na mara nyingi sababu hiyo siyo. Muulize jana magharibi alikuwa wapi, amesimama au amekaa, alisikia nini, alinusa nini, na mwili ulianza kubadilika wapi kwanza. Mvuvi alijibu: vidole. Vilikuwa vikifa ganzi kabla hata hajamuona mtoto. Tukarudi nyuma zaidi. Kabla ya mlango kulikuwa na nini? Kichochoro. Na kichochoroni? Akanyamaza kitambo, akaanza kusugua mapaja kwa viganja, kisha akasema jirani yake huweka madumu ya petroli ya boti pale dakani.

Msimu wa kusi uliotangulia kuja kwake kwangu, boti waliyopanda ilipinduka katika mlango wa bahari wa Mkanda. Alielea muda mrefu ameshikilia dumu lililokuwa likivuja, petroli ikimuingia puani na mdomoni. Mtoto hakuhusika hata kidogo. Harufu ilikuwa imekwisha kumuwasha hatua ishirini kabla hajafika mlangoni.

Mueleze mteja jambo hili kwa lugha nyepesi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, amigdala, na kazi yake ni kupiga kengele ya hatari kabla akili haijapata nafasi ya kupima. Adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, vidole vinapoa na kufa ganzi. Kwa mvuvi huyu harufu ya petroli ilikuwa imefungamana na kufa maji. Alipoelewa kwamba mwili wake unajaribu kumuokoa, alilia. Nilimwacha alie, sikumharakisha.

Mama yake alishikilia kwamba ni jini wa baharini. Sikubishana naye, na ninyi msibishane. Mvuvi akisomewa alikuwa akitulia, basi aliendelea kusomewa na sisi tukaendelea na kazi yetu.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu linaweza kuwa lenu kesho. Chuoni tulifundishwa kwamba uso ukitiwa katika maji baridi huku mtu amezuia pumzi, mapigo ya moyo hupungua. Ni kweli. Ni tabia ya mwili inayofanana na ya wanyama wanaopiga mbizi, na Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, aliiweka miongoni mwa stadi za tiba yake. Hawafai kuitumia wenye maradhi ya moyo, lakini wengi huwasaidia. Nami nikamletea beseni mtu aliyenusurika kufa maji. Aliinamisha uso, akainuka kwa kishindo, beseni likapinduka, akatoka nje bila viatu. Wiki mbili hakurudi.

Aliporudi nilimuomba radhi kwanza. Kisha nikamuuliza: udhu je? Akafikiri, akasema udhu haumsumbui, maji anayachota mwenyewe kwa kiganja chake, kidogo kidogo. Jibu hilo nalikumbuka hadi leo. Maji hayakuwa tatizo. Tatizo ni kunyang'anywa usukani. Tangu hapo kila mbinu namuonyesha mteja kwanza, namwambia anaweza kuisimamisha wakati wowote, na simlazimishi mtu kufumba macho. Kuna wanaotishika zaidi macho yakifumbwa. Kuvuta pumzi pia, usiwaambie waizuie. Watoe pumzi polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuingiza, na waangalie kitu kilicho mbele yao.

Kwake kilichofaa ni kamba. Aliniletea mwenyewe kipande cha kamba ya makumbi, urefu wa shubiri mbili, akawa anakiweka mfukoni. Mwili ukianza, anakibana kwa dole gumba, anausikia ukwaru wake, anataja kimoyomoyo vitu anavyoviona: ukuta wa mawe, punda, kanzu iliyoanikwa. Kila kichocheo kikimjia alifunga fundo. Fomu zile zenye safu nyingi sikumpa. Mafundo yalinitosha kujua wiki ilikuwaje.

Kupima ukali nako alijipatia njia. Joseph Wolpe, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini, aliweka kipimo cha sifuri hadi mia ambacho bado tunakitumia. Mvuvi hakukijali. Alisema, "Leo bamvua," yaani maji yamejaa kabisa, au "maji nusu," au "yamekupwa." Nikaandika hivyohivyo kwenye daftari langu.

Jambo la kuhadhari zaidi ni kukwepa. Mwanzoni nilimshauri apite kichochoro kingine. Alipata nafuu siku tatu, kisha akaanza kukwepa na gati, halafu soko la samaki, mwisho akawa hatoki. Ukimfundisha mteja kukimbia, hofu hukua na dunia yake hupungua. Muongoze akisogelee kichocheo kwa ngazi, akiwa na kamba yake mkononi na ngazi akizichagua yeye.

Ngazi zetu zilikuwa hivi. Kwanza dumu tupu, lililooshwa, uani kwangu, yeye amekaa mbali. Halafu dumu lenye petroli limefungwa kifuniko, mahali penye upepo, na hatukumwambia anuse, kwa sababu mvuke ule una madhara. Kisha kichochoro cha jirani pamoja nami, baadaye peke yake. Kukaa katika boti iliyofungwa, mashine imezimwa. Mashine ikinguruma, boti bado imefungwa. Kuvuka hadi kisiwa cha Manda, safari fupi sana. Katika kila ngazi sharti letu lilikuwa moja: akipenda asimame, lakini ajaribu kutoondoka maji yakiwa bamvua. Angoje yashuke hata kidogo, mwili upate kujifunza kwamba yanashuka yenyewe. Ngazi ya mashine ikinguruma tuliirudia mara tano. Ya Manda ilitosha mara moja.

Na mtoto je? Tulimuita mke, wakakubaliana kwamba baba akifika atakaa kwanza barazani dakika kumi na kikombe cha kahawa, na mtoto asimrukie mpaka aingie ndani mwenyewe. Mtoto aliambiwa baba anapumzika kutoka baharini. Baba mwenyewe alimuomba radhi, nami sikuwepo.

Kuna wateja ambao hawafai kupandishwa ngazi hizi na mshauri peke yake. Mtu anayepotelewa na fahamu ya alipo kwa dakika nyingi, au anayesema hataki kuishi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na ufuatane naye.

Kusi huanza kuvuma hapa kwetu mwezi wa Aprili. Bahari ikichafuka tu, mafundo katika kamba yake huongezeka, hata mwaka ambao mambo yalikuwa yamekaa vizuri. Kwa hiyo kila mwisho wa Machi nampigia simu, tunapanga vikao viwili, na kikao cha pili tunakifanyia gatini.