Presha ya Maji Ikiwa Hafifu Nyumbani: Kagua Kwanza, Pampu Baadaye

Mfereji ukianza kutoa maji kama uzi, wengi Nairobi hukimbilia duka la hadiwea kutafuta pampu. Mara nyingi pampu haikuhitajika, au ilihitajika lakini ikafungwa mahali pabaya. Kabla ya kutoa pesa, jua kwanza tatizo liko upande gani wa mita.

Kupima

Weka ndoo ya lita 10 chini ya mfereji ulio karibu zaidi na mita, kwa kawaida ule wa nje, uufungue hadi mwisho huku mingine yote ikiwa imefungwa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, unapata lita 15 kwa dakika na laini ya nje haina neno. Ikichukua dakika mbili, ni lita 5 tu kwa dakika. Kisha pima jikoni na bafu la juu. Nje ikiwa nzuri na ndani mbaya, usilaumu kampuni ya maji, tafuta ndani.

Ndoo hupima wingi, si presha. Kwa presha, nunua geji (kipima presha) ya bar 0 hadi 6 yenye thredi ya nusu inchi na uifunge kwenye mfereji wa nje. Bar 1 huinua maji mita 10 hivi. Geji ikisoma 0.6, maji yatapanda mita 6 na kukwama hapo, kwa hivyo tangi lililo juu ya paa, mita 8 kutoka chini, halitapata hata tone. Pima asubuhi saa moja watu wakioga, kisha saa tisa usiku mtaa ukiwa umelala. Usomaji ukipanda sana usiku, laini ni nzima ila mnaigombania wengi. Angalia pia ratiba ya mgao ya mtaa wako: siku isiyo yenu, geji haina la kukuambia.

Kuna jaribio moja ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Geji ikiwa imesimama kwenye bar 2 na mifereji yote imefungwa, fungua mfereji mwingine wa karibu. Sindano ikiporomoka hadi karibu sifuri, kuna kizuizi kabla ya geji: mita, vali, au bomba linalotoka barabarani. Sindano ikibaki juu na mfereji wa ndani bado unadondoka, kizuizi kiko kati ya geji na huo mfereji.

Vizuizi

Anza na vali iliyo karibu na mita. Zile za kuzungusha gurudumu zina bamba la ndani linaloshuka na kupanda. Spindo, yaani fimbo inayoinua bamba hilo, ikikatika, gurudumu huzunguka vizuri tu lakini bamba limebaki chini nusu. Ukizungusha na husikii uzito wowote mwishoni, badilisha uweke ya kishikio cha robo mzunguko. Ndani ya mita pia huwa na chujio dogo linaloshika mchanga, hasa baada ya bomba la mtaani kupasuka na kutengenezwa. Mita si yako na ina sili, kwa hivyo waite wenyewe waisafishe.

Kwenye mfereji wa jikoni, fungua kile kichujio cha mdomoni. Mchanga wa kijiko kimoja unatosha kukata maji nusu. Kichwa cha shawa chenye utando mweupe kilaze kwenye siki usiku kucha, kisha pitisha sindano kwenye matundu.

Sasa mabomba yenyewe. Nyumba ya Buruburu ya miaka ya 1970 ambayo bado ina mabomba yake ya chuma huenda ina nusu inchi kwa jina tu; kutu imejaa ndani hadi pamebaki tundu la penseli. Hakuna pampu wala dawa ya kutibu hilo, ni kubadilisha. Lakini hapa ndipo watu hupoteza walichofuata. Bomba la chuma la nusu inchi lina tundu la milimita 16 hivi. Fundi analing'oa na kuweka PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa joto) ya milimita 20 kwa sababu dukani inaitwa “nusu inchi”, kumbe ile nene ya PN20 (daraja la presha) ina tundu la milimita 13.2. Umepoteza karibu theluthi moja ya nafasi ya maji kupita. Weka ya milimita 25, yenye tundu la 16.6, kwa laini kuu za ndani, na 32 kutoka tangini. Ile ya 20 iachie mfereji mmoja wa mwisho.

Simama karibu fundi akichoma PPR. Mashine iwe nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linakaa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Akilizidisha au akisukuma kwa nguvu kupita alama, plastiki iliyoyeyuka hujikunja ndani na kufanya pete inayoziba tundu. Nje kiungo kinaonekana kisafi kabisa. Nyumba mpya yenye maji hafifu bafu moja tu, na kwingine kote ni sawa, mara nyingi ina kona moja iliyochomwa hivi ndani ya ukuta.

Usifunge pampu kwenye laini ya kampuni

Hili hufanywa sana, na ndilo kosa baya kuliko yote. Bomba la mtaani lina viungo vinavyovuja. Presha ikiwa ndani, maji hutoka nje. Ukiweka pampu inayofyonza, mkondo unageuka: tope na maji ya mtaro yaliyo kando ya kiungo yanaingia bombani na kuja kwako na kwa jirani. Mgao ukiisha ghafla, pampu inavuta hewa, mita inazungukia hewa hiyo na wewe unailipia, kisha sili ya pampu inaungua. Na ukikamatwa utakatiwa.

Njia inayofaa ni kuacha kuidai laini presha. Chukua maji polepole pale yanapoweza kufika, yaani chini, kisha tengeneza presha yako mwenyewe.

Tangi la chini, tangi la juu

Watu 5 wakitumia lita 80 kila mmoja ni lita 400 kwa siku. Kama pengo la mgao hufika siku 4, ni lita 1,600. Nunua tangi la 2,000. Kwa zile lita 5 kwa dakika, litajaa kwa saa 6 na dakika 40, yaani usiku mmoja. Liwekee floti (vali inayofunga maji tangi likijaa) ya robo tatu inchi badala ya nusu, kwani floti ndogo ni kizuizi kingine. Bomba la kufurika liwe kubwa kuliko la kuingiza.

Juu weka lita 500 au 1,000. Kumbuka lita 1,000 ni tani moja: lisimame juu ya slabu au stendi ya chuma, kitako chote kikiwa kimeshikiliwa, si juu ya mbao za paa. Wapo wanaoruka tangi la juu na kuweka pampu ya presha peke yake. Mjini humu, ambapo stima hupotea bila kuaga, huo ni uamuzi wa kujutia: stima ikienda, hata choo hakiflashi.

Kwa maisoneti, pampu ndogo ya nusu hospawa (kilowati 0.37) inatosha. Ikiinua mita 10 hadi 12 hutoa kama lita 25 kwa dakika, na tangi la 1,000 linajaa kwa dakika 40. Isimamishe juu ya zege, mbali na mvua, palipo na hewa. Upande wa kufyonza uwe inchi moja, mfupi, bila kona za bure, na mdomo wake uwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi. Pampu za aina hii zina nafasi ndogo mno ndani, na mchanga huzikwaruza zikaisha nguvu. Upande wa kutoa weka nonritani (vali inayozuia maji kurudi), yunioni (kiungo kinachofunguka) na vali ya kishikio, ili siku ya matengenezo usikate bomba.

Tangi likiwa chini ya ardhi, weka futi vali yenye chujio (vali ya mdomo wa kufyonza inayozuia maji kurudi), na pima kina vizuri. Usawa wa bahari, pampu haiwezi kufyonza zaidi ya mita 10.3 hata kinadharia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hivyo kikomo hicho ni kama mita 8.4, na ukitoa msuguano usizidishe 5. Boksi la pampu linalosema mita 8 halikuandikiwa mlimani.

Stima iwe na laini yake kutoka kwenye bodi, ikiwa na RCD (swichi inayokata stima ikivuja) ya 30 mA na waya wa athi, ikifungwa na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Weka floti za umeme (swichi zinazoelea) mbili mfululizo: ya tangi la juu izime likijaa, ya tangi la chini izime maji yakibaki sentimita 20 juu ya mdomo wa kufyonza. Nyaya za floti huwa tatu: moja ya pamoja, moja ya kujaza na moja ya kumwaga. Rangi hutofautiana, kwa hivyo fuata mchoro wa boksi lenyewe.

Kabla ya kuwasha, fungua nati ya juu ya pampu, jaza maji hadi mapovu yaishe, funga, kisha washa pampu, vali ya kutoa ikiwa wazi. Usiiwashe kavu hata kwa kujaribu tu.

Shawa ya juu

Kitako cha tangi kikiwa mita 1 juu ya shawa, una bar 0.1; kikiwa mita 3, bar 0.3. Kabla ya kuongeza chochote, hakikisha bomba halipandi na kushuka kama nundu, kwa sababu hewa hukaa pale juu na kufunga njia. Kuiondoa, unganisha mpira kutoka mfereji wenye presha hadi mfereji uliokwama, fungua vyote na usukume maji yarudi tangini kwa dakika moja.

Bado hafifu? Weka pampu ndogo ya wati 120 kati ya tangi la juu na bafu. Huongeza karibu bar moja. Inajiwasha yenyewe ikihisi mkondo, lakini maji yakidondoka tu haitaamka. Tangi lililo nusu mita juu ya shawa huenda likahitaji kuinuliwa hata hivyo.

Tahadhari kwa wenye shawa za instanti (zinazopasha maji papo hapo kwa stima): presha zaidi ni joto kidogo. Shawa ya kilowati 5.5 ikipitisha lita 3 kwa dakika huongeza nyuzi 26. Ikipitisha lita 6, ni 13 tu. Maji ya Julai yakiwa nyuzi 17 tangini, ya kwanza yanafika 43 na ya pili 30, na utatetemeka. Weka vali ndogo kabla ya shawa uupunguze mkondo.

Pampu ikisumbua

Ikinguruma bila kuzunguka, zima mara moja. Toa kifuniko cha feni nyuma na ujaribu kuzungusha shafti kwa bisibisi. Ikiwa imeshikana, ni kutu au mchanga. Izungushe pole pole huku na huku mpaka ilegee. Ikizunguka bure kwa mkono lakini bado inanguruma ukiwasha, kapasita imekwisha: weka yenye mikrofaradi zilezile.

Ikiwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache kwenye mfumo wenye tangi la presha (tangi dogo lenye mpira na hewa ndani), hewa imepungua. Zima pampu, mwaga maji yote, na upime hewa kwa geji ya tairi. Swichi inayowasha kwenye bar 1.4 inataka hewa ya 1.2. Ukibonyeza pini ya vali ya hewa yakatoka maji, mpira wa ndani umepasuka na kujaza upepo hakutasaidia.