Wi-Fi ya nyumbani inasuasua? Pima kabla hujalipia kifurushi kikubwa

Mama mmoja, mwalimu wa huku kwetu Dodoma, alinipigia simu kutoka Nkuhungu. "Mwanangu, nimelipia Mbps 50, mbona laptopu hainipi hata nusu? Nipandishe kifurushi?" Nikamwambia, "Shikamoo mama. Usilipe chochote kwanza, nakuja jioni."

Simu za namna hiyo napokea kila wiki, na wengi wanaonipigia wameshatoa hela: mmoja kapandisha kifurushi, mwingine kanunua ruta mpya, na tatizo liko palepale. Inaniuma, kwa sababu kulibaini ni kazi ya nusu saa unayoweza kuifanya mwenyewe. Hatua zifuatazo ni za kompyuta yenye Windows 10 au 11.

Hatua ya 1: Jua ni kasi ipi unaizungumzia

Nyumbani kwako kuna kasi tatu. Ya kwanza ni ya laini, yaani ile unayolipia kila mwezi. Ya pili ni ya hewani, kati ya ruta na kompyuta. Ya tatu ni uwezo wa kadi ya Wi-Fi iliyomo ndani ya kompyuta pamoja na draiva inayoiendesha. Intaneti unayoipata haizidi ile iliyo ndogo kuliko zote.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni biti na baiti. Mbps ni megabiti kwa sekunde, lakini faili unayoshusha hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo laini ya Mbps 20 inashusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, na video ya MB 700 itachukua karibu dakika 5. Hapo hujaibiwa.

Hatua ya 2: Itenge laini na Wi-Fi

Chomeka waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, zima Wi-Fi, kisha pima kasi kwa tovuti ya kupima kasi ya intaneti. Hakikisha watoto hawaangalii video muda huo. Ukipata karibu na unacholipia, laini yako ni nzima na shida iko hewani au ndani ya kompyuta. Ukipata kidogo hata kwa waya, rudia asubuhi na usiku, andika namba, kisha wapigie wanaokuuzia huduma ukiwa na ushahidi mkononi.

Laptopu nyingi za siku hizi hazina tundu la waya. Basi simama mita moja kutoka kwenye ruta, pima kwa simu, halafu pima kwa laptopu palepale. Simu ikipata 45 na laptopu 20, umeshajua pa kuanzia. Kwa mama ilikuwa hivyohivyo.

Hatua ya 3: Iulize kompyuta yenyewe

Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, gonga Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

netsh wlan show interfaces

Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 amri hii inaweza kugoma hadi uwashe Location kwenye Settings, sehemu ya Privacy & security. Iwashe, rudia.

Soma mistari minne: Radio type, Cipher, Receive rate na Signal. Kwenye laptopu ya mama Signal ilikuwa asilimia 99, ila Radio type ilisema 802.11g na Receive rate ilisema 54. Hapo nikatulia. Mawimbi yamejaa, ruta ni ya kisasa, iweje laptopu izungumze lugha ya mwaka 2003?

Jibu lilikuwa kwenye mstari wa Cipher: TKIP. Huo ni usimbaji wa zamani, yaani njia ya kuficha data inayopita hewani, na kanuni za 802.11n, kizazi cha Wi-Fi kilichofuata 802.11g, zinakataza kasi kubwa kwa kifaa kinachotumia TKIP au WEP, usimbaji wa zamani zaidi. Ukiuchagua, vifaa vinarudi hadi 54 hata kama ruta ni mpya kabisa. Na 54 hiyo ni ya hewani. Wi-Fi haitumi na kupokea kwa wakati mmoja, tena sehemu ya muda inaliwa na vifaa kupeana zamu, kwa hiyo mkononi inabaki kama nusu. Ndiyo ile 20 ya mama. Simu yake ilikuwa imeunganishwa kwenye jina la pili la ruta, la 5 GHz (masafa mengine ya Wi-Fi, mbali na yale ya 2.4 GHz), ambalo halikuwa na TKIP.

Nikafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta kwenye kivinjari. Anwani yake huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na mara nyingi imebandikwa chini ya ruta pamoja na nenosiri. Kwenye usalama wa Wi-Fi nikachagua WPA2 yenye AES, nikahifadhi, tukaunganisha laptopu upya. Receive rate ikapanda hadi 144. Tulipopima intaneti ikasoma 47. Mama hakuongeza hata shilingi kwenye kifurushi.

Hatua ya 4: Jua kadi yako inaweza nini

Andika:

netsh wlan show drivers

Tafuta Radio types supported. Ukiona inaishia 802.11n, hiyo ni Wi-Fi 4. Kadi ya antena moja itakupa 72, au 150 ikitumia chaneli pana. Laptopu nyingi za mtumba zina kadi za aina hiyo. Realtek RTL8723BE, kwa mfano, ina antena moja na haioni kabisa 5 GHz. Ukiona 802.11ac ni Wi-Fi 5, ambayo kwa antena mbili hufika 867. 802.11ax ni Wi-Fi 6.

Angalia pia matundu ya ruta. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya Mbps 100, kwa hiyo hata hewani pakisoma 867, intaneti inayopitia tundu hilo haitavuka 100.

Hatua ya 5: Draiva

Draiva ni programu inayoifundisha Windows kuiendesha kadi. Mtu akishapigiwa Windows upya, mara nyingi huwekewa draiva ya jumla, au ya kadi inayofanana na yake. Wi-Fi inawaka, lakini inakatika kila baada ya dakika chache au haioni 5 GHz.

Bofya kulia kitufe cha Windows, chagua Device Manager, fungua Network adapters, bofya mara mbili kadi ya Wi-Fi. Kwenye Details chagua Hardware Ids. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_168C ni Qualcomm Atheros, VEN_14E4 ni Broadcom. Namba hizo zinatoka kwenye kadi yenyewe, kwa hiyo ziamini kuliko stika ya nje.

Kabla hujagusa kitu, tunza draiva ulizonazo. Tengeneza folda iitwayo draiva kwenye flashi, fungua cmd kwa Run as administrator, kisha andika hivi, D ikiwa ndiyo herufi ya flashi yako:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Ndipo uende kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, utafute modeli yako na ushushe draiva ya Wi-Fi. Nakuomba sana, usishushe zile programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nimesafisha kompyuta nyingi zilizoharibiwa nazo. Ikiwa Wi-Fi imekufa kabisa, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering, na utumie bando la simu kushusha. Draiva mpya ikileta balaa, rudi palepale kwenye kadi, fungua Driver na ubofye Roll Back Driver.

Wi-Fi ikikatika laptopu inapotulia, fungua Power Management na uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kubana umeme. Kwenye laptopu nyingine sehemu hiyo haipo.

Hatua ya 6: Mahali pa ruta

Nyumba zetu za tofali za saruji hazina huruma na 5 GHz. Kuta mbili tu, na chumba cha mwisho kinabaki na 2.4 GHz, ambayo hupenya vizuri zaidi ila ni ya polepole. Toa ruta nyuma ya televisheni, iweke juu, kwenye korido, mbali na mlango wa chuma. Kama majirani wana ruta nyingi, kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani.

Umefika hapa na kadi yako ni ile ya 802.11n yenye antena moja? Sasa ndiyo nunua. Chukua kadi ndogo ya USB iliyoandikwa 5 GHz na 802.11ac, uichomeke kwenye tundu la USB 3. Vile vidogo vya bei rahisi vilivyoandikwa 150 viache dukani, vina 2.4 GHz peke yake.