Mwaka wa mtihani wa mwisho: kazi ya mzazi nyumbani

"Umesoma?" Hilo ndilo swali linalosikika zaidi nyumbani mwaka huu, na halisaidii kitu. Aliyekodolea daftari macho kwa saa tatu atajibu ndiyo, na aliyejibu maswali kumi bila kufungua kitabu naye atajibu ndiyo. Masomo ni ya mtoto. Ya mzazi ni manne: ratiba, usingizi, simu, na kuhakikisha muda wa kujisomea unaishia kwenye kujibu maswali. Hata mzazi asiyejua mstari mmoja wa kemia anaweza kuyasimamia yote.

Makaratasi kwanza

Mwanzoni kabisa mwa mwaka, kaeni pamoja mkusanye vitu vitatu: tarehe za mtihani (hata za kukadiria kama ratiba haijatoka), muhtasari wa kila somo, na mitihani iliyopita, angalau ya miaka 5 kwa kila somo, pamoja na miongozo ya usahihishaji. Angalia kama mitihani hiyo inafuata muhtasari unaotumika sasa. Muundo ukiwa umebadilika, karatasi za zamani bado zinafaa kwa mazoezi ya mada, lakini zisitumike kumzoesha mtoto mpangilio wa maswali wala mgawanyo wa alama.

Omba kuona taarifa za usajili wa mwanao na uzisome herufi kwa herufi: majina na mpangilio wake kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa, orodha ya masomo. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa urahisi kabla usajili haujafungwa. Likishachapwa kwenye cheti, jiandae kuzunguka ofisi. Mtoto mwenye tatizo la kuona, la kusoma, au ugonjwa wa kudumu anaweza kuhitaji muda wa ziada au maandishi makubwa, na maombi ya aina hiyo hupitia shuleni, mapema, yakiwa na vielelezo vya daktari. Akapimwe macho pia. Wapo watoto wanaoitwa wavivu wa kusoma kumbe hawaoni ubaoni.

Ratiba isiyojaa pomoni

Ratiba nyingi hufa wiki ya pili, na sababu ni ileile: kila saa imepangiwa kitu, kwa hiyo homa ya siku mbili au mgeni mmoja huvuruga wiki nzima, na mtoto akishaona amebaki nyuma huitupa.

Fanya hesabu hivi. Tuseme mtoto ana saa 2 za kujisomea siku za shule na saa 4 kwa kila siku ya mwisho wa wiki. Jumla ni saa 18. Ukizigawa kwenye vipindi vya dakika 40 vyenye mapumziko ya dakika 10, unapata vipindi 21. Acha 4 wazi kabisa, vya kufidia yaliyoharibika. Vilivyobaki ni 17. Mwenye masomo 7 atapata vipindi 2 kwa kila somo, na vile 3 vya ziada viende kwenye masomo yanayomsumbua, siyo anayoyapenda. Hapa mzazi akodoe macho: mtoto akiachwa peke yake huenda kwenye somo analoliweza, kwa sababu linampa raha ya kuona anafaulu.

Kipindi kiandikwe kwa kazi, kisiandikwe kwa jina la somo. "Hisabati" haimwambii mtu aanzie wapi. "Maswali 6 ya milinganyo, bila daftari, kisha kusahihisha" inamwambia aanzie wapi na aishie wapi.

Mada moja isisomwe mara moja ikasahaulika. Irudiwe kesho yake, kisha baada ya siku 3, baada ya wiki, na baada ya wiki 3, kila mara kwa dakika 10 hadi 15 za kujiuliza maswali. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, akijipima mwenyewe, kwamba tunachojifunza hupotea kwa kasi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuacha siku katikati hudumu kuliko kurundika kwa siku moja. Ndiyo maana anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anaweza kukumbuka asubuhi, ila wiki inayofuata hana kitu, na mitihani ya mwisho haiishi kwa siku moja.

Kusoma tena na tena kunadanganya

Kupitia madaftari na kupaka rangi mistari humfanya mtoto ahisi anajua, kwa sababu maneno ameshayazoea. Kuzoea sentensi na kuweza kuitoa kichwani ni vitu viwili tofauti. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baada ya dakika 5, waliokisoma tena na tena walikumbuka zaidi kuliko waliojipima kwa kuandika walichokumbuka bila kukitazama. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Mtoto akikwambia "lakini mimi nikisoma naelewa", anasema kweli, ya zile dakika tano.

Msaada wako hapa ni rahisi. Chukua daftari lake, fungua ukurasa wowote wa wiki hii, na mwombe akueleze wakati wewe unafuatilia kwa macho. Anapokwama, usimwambie jibu. Weka alama ya penseli pembeni, endelea. Alama hizo ndizo kazi ya kipindi kijacho.

Mtihani uliopita ufanywe namna hii

Kuanzia miezi minne hivi kabla ya mtihani, mtoto afanye karatasi moja kamili kila wiki, na mbili katika wiki sita za mwisho. Saa iwekwe mezani, simu iwe chumba kingine, na wadogo zake wasiingie.

1. Kabla ya kuanza, agawe muda kwa alama. Karatasi ya saa 3 yenye alama 100 ina dakika 180. Toa 10 za kusoma maswali na 10 za kupitia mwishoni, zinabaki 160, yaani dakika 1.6 kwa kila alama. Swali la alama 15 lina dakika 24. Zikiisha, anaacha nafasi na kuhamia swali lingine.
2. Muda ukiisha, anaweka mstari pale alipofika. Akitaka kumalizia, amalizie kwa kalamu ya rangi nyingine, ili ionekane nini kilifanyika ndani ya muda.
3. Asahihishe siku hiyohiyo au kesho yake, kwa mwongozo, bila kujionea huruma. Insha na majibu marefu ayapeleke kwa mwalimu wa somo, maana hapo mtoto hawezi kujihukumu vizuri.
4. Kila alama iliyopotea iingie kwenye daftari la makosa.

Daftari hilo ni la thamani kuliko kitabu chochote cha maswali na majibu, basi tulitazame kwa karibu. Lina safu nne: swali, alama zilizopotea, sababu, na tarehe ya kulirudia. Sababu ziwe za aina nne tu. Hakujua. Alijua lakini hakuelewa swali linataka nini. Muda ulimwishia. Alikosea kizembe, kama kusahau alama ya kutoa au kipimo.

Mfano: swali linasema "Eleza sababu tatu", alama 6. Mtoto ameorodhesha sababu tano kwa neno mojamoja, amepata 3. Yeye ataona ameonewa, mbona ameandika tano? Kumbe kila sababu ilikuwa na alama mbili, moja ya kutaja na moja ya kueleza, na zile mbili za ziada hazikuhesabiwa. Hapo hahitaji kusoma mada upya. Anahitaji kuzoea tofauti ya "taja", "eleza", "linganisha" na "jadili", na kuangalia idadi ya alama kabla ya kuandika.

Kila sababu ina dawa yake. Asiyejua arudi kwenye mada. Aliyeishiwa muda afanye maswali mafupi kwa saa, asisome zaidi. Mwenye makosa ya kizembe aandike orodha ya makosa yake matatu yanayojirudia na aitumie katika zile dakika 10 za mwisho. Bila kutenganisha hivi, mzazi huona alama ndogo na kukimbilia kulipia masomo ya ziada, mtoto akarundikiwa saa nyingine juu ya uchovu. Mwalimu wa ziada anafaa pale daftari linapoonyesha "hakujua" nyingi kwenye somo moja. Mpelekee daftari hilo siku ya kwanza, la sivyo ataanza ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Matokeo ya mtihani wa majaribio yasomwe kwa jicho hilohilo. Mtoto aliyeshindwa kwa sababu hajamaliza karatasi yuko mahali pazuri kuliko anayeonekana kafaulu kwa kukariri.

Usingizi

Wenye umri wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10 kwa siku. Mwili wa kijana pia huchelewa kutoa homoni ya usingizi kuliko wa mtoto mdogo, kwa hiyo kukosa usingizi saa 3 usiku si ukaidi. Anayeamka saa 12 asubuhi awe amelala saa 4 usiku. Siku za mapumziko asilale kupita muda wake wa kawaida kwa zaidi ya saa moja, la sivyo siku ya kwanza ya shule atakuwa kama aliyesafiri usiku kucha. Kumbukumbu huimarishwa usingizini, na kupiga msuli mpaka saa 8 usiku ni kukata tawi ulilokalia.

Kahawa, chai nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana. Kafeini huchukua karibu saa 5 kupungua kwa nusu: aliyekunywa saa 11 jioni, saa 4 usiku nusu yake bado imo mwilini. Kama ratiba ya mtihani itamlazimu kuamka mapema zaidi, sogeza muda wa kulala kwa dakika 15 kila baada ya siku 2 au 3, ukianza wiki mbili kabla.

Simu

Kuipokonya mwaka mzima huzaa simu ya pili ya kufichwa. Linalofanya kazi ni mahali, si kifungo: wakati wa vipindi na usiku, simu zote za nyumbani, pamoja na yako mzazi, zinachajiwa sehemu moja nje ya vyumba vya kulala. Mnunulie saa ya kengele ya kawaida, ili kisingizio cha "naitumia kuamkia" kiishe.

Kadiri mtihani unavyokaribia, makundi ya mtandaoni huanza kuuza "mtihani uliovuja". Zungumzeni mapema. Mara nyingi ni utapeli mtupu, na ikitokea ni kweli, mtoto anaweza kufutiwa matokeo. Hata anayetumiwa bila kuomba afute na ajitoe kwenye kundi.

Maneno ya nyumbani

Wekeni kikao kimoja cha dakika 20 kwa wiki, siku na saa ileile, mkiwa na ratiba na daftari la makosa mezani. Nje ya kikao hicho mtihani usiwe mazungumzo ya kila mlo. Badala ya "umesoma?", uliza "swali gani lilikushinda leo?" Usimlinganishe na dada yake, binamu yake, wala wewe ulivyokuwa. Na gharama ulizolipia usizitaje. Anazijua.

Woga kidogo ni wa kawaida. Akibanwa kifua kabla ya karatasi, avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, kwa dakika mbili au tatu. Ajizoeze nyumbani, kwani siku ya mtihani si ya kujifunza kitu kipya. Ila akiwa kwa wiki mbili au zaidi halali, hali, amejitenga, au ameacha kila alichokipenda, apelekwe kwa mhudumu wa afya. Akisema, hata kwa mzaha, kwamba afadhali afe, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari karibu naye, na tafuta msaada siku hiyohiyo.

Wiki ya mtihani

Begi lifungwe jioni: kadi ya mtihani na kitambulisho, kalamu tatu za rangi inayoruhusiwa, penseli, kifutio, rula, seti ya jiometria, maji, saa ya mkono ya kawaida kama inaruhusiwa. Kikokotoo kiwe cha aina inayokubaliwa, chenye betri mpya, na kiwe kwenye digrii kama maswali ni ya digrii; kilichoachwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, hutoa majibu ya maswali ya pembe yanayoonekana ya kawaida kumbe ni makosa. Kama kituo cha mtihani si shuleni kwake, pitieni njia hiyo siku moja kabla, kwa saa ileile. Awe amefika dakika 30 kabla.

Chakula kiwe kile alichokizoea, siyo karamu. Akitoka mtihanini, usikae naye kuhakiki majibu. Karatasi ile haibadiliki, na ya kesho inamsubiri: ale, apumzike saa moja au mbili, kisha apitie daftari la makosa la somo linalofuata na alale kwa wakati.

Kabla ya matokeo kutoka, kaeni mjadili njia tatu: akipata anachotarajia, akipata pungufu kidogo, na akikosa kabisa. Jueni mapema mwisho wa kuomba karatasi isahihishwe upya, ada yake, na masharti ya kurudia somo. Dirisha la maombi hayo huwa fupi, na familia nyingi hulikosa kwa sababu siku za kwanza ziliishia kwenye lawama.